Sheria ya Ndege Ilianzia Shambani

Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mbegu bora. Tutazungumza juu ya sheria, tena sheria ambayo wakulima wengi hawaipendi: ile inayokataza kuua ndege wa mwituni ovyo.

Katika mikutano ya vijiji, hasa msimu wa mtama, uwele na mpunga, swali huwa ni lile lile. "Bwana shamba, hebu tueleze. Sisi tunalima, tunapalilia, tunashinda juani. Mazao yakianza kukomaa, ndege wanakuja wanamaliza. Halafu tunaambiwa ndege nao wana sheria yao. Sasa serikali inamlinda nani, mkulima au ndege?"

Swali hilo ni la haki, wala si la kupuuzwa. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini kwa siku anaweza kula kiasi cha gramu 10 za nafaka. Haya, piga hesabu. Kundi la ndege milioni 2 litamaliza kilo 20,000 kwa siku moja, yaani magunia 200 ya kilo mia mia. Mtu aliyeamka akakuta shamba lake la mtama limebaki mabua matupu, huwezi kumwendea na kumwambia kwamba ndege ni pambo la nchi. Akikukasirikia ana haki.

Kwa hiyo leo sitaitetea sheria hii kwa sababu ya uzuri wa ndege. Nitaitetea kwa faida ya shamba, na nitafanya hivyo kwa kufuata historia yake. Maana kuna jambo moja ambalo limesahauliwa kabisa: watu waliokuwa mstari wa mbele kuomba sheria za kulinda ndege hawakuwa watalii wala matajiri wa mjini. Walikuwa wakulima.

Wakulima waliomba wenyewe

Mwaka 1868 wakulima na mabwana misitu wa nchi za Kijerumani walikutana katika mji wa Vienna. Katika mkutano huo waliiomba serikali ya Austria na Hungaria ifanye mapatano na nchi nyingine ili wanyama wanaosaidia kilimo na misitu, hasa ndege, walindwe kwa sheria.

Kwa nini mapatano na nchi nyingine? Kwa sababu ndege hana pasi wala hajui mpaka. Mbayuwayu na ndege wengine wala wadudu hulea makinda yao huku, na baridi ikianza huruka kwenda mbali. Ukimlinda kwako, akivuka mpaka akanaswa kwa nyavu na kuliwa, ulinzi wako umekuwa bure. Mwaka unaofuata viwavi wanapanda juu ya miti yako na hakuna wa kuwala. Wakulima wale walikuwa wameliona jambo hilo kwa macho yao.

Sasa twende Marekani, tuone mahali ambapo mambo yaliendeshwa kinyume. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ya kutoa zawadi ya senti 50 kwa kila mwewe, kipanga au bundi atakayeuawa, pamoja na wanyama wengine wadogo walao nyama. Sababu ilikuwa kwamba wanaiba kuku. Na ni kweli, wapo wanaoiba vifaranga. Watu wakaingia kazini kwa nguvu, maana senti 50 siku zile zilikuwa fedha.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, C. Hart Merriam, alipiga hesabu. Jimbo lilikuwa limelipa kiasi cha dola 90,000. Kuku waliookolewa kwa fedha zote hizo, kwa makadirio yake, walikuwa na thamani ya dola 1,875. Na je, hasara? Bundi na mwewe waliouawa ndio waliokuwa wakila panya na wadudu mashambani. Merriam alikadiria kwamba hasara ya wakulima kutokana na kuuawa kwao ilizidi dola milioni 3. Mwaka 1887 sheria ile ikafutwa.

Hawakuishia hapo. Mtaalamu mwingine wa wizara ile ile, A. K. Fisher, alichunguza matumbo ya mwewe, kipanga na bundi takribani 2,700, akiangalia kila mmoja amekula nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1893. Alionyesha kwamba aina nyingi za ndege hao hula panya na wadudu zaidi kuliko kuku, na kwamba aina zenye madhara makubwa kwa mfugaji ni chache sana. Yaani watu wa Pennsylvania walikuwa wamewalipa wenzao fedha za kodi ili wawaulie walinzi wa ghala zao.

Orodha ya London na orodha ya Paris

Habari hizi zinatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki? Zinatuhusu sana, maana karatasi moja ya zamani ya kulinda ndege iliandikwa juu ya bara letu hili.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika nchi hii, ambayo siku zile ilikuwa chini ya Wajerumani. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Mei 1900, wakoloni wa nchi mbalimbali walikutana London wakatia saini mapatano ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa Afrika. Katika orodha ya kwanza kabisa ya mapatano hayo waliandika viumbe ambao wasiuawe kwa sababu wana faida. Waliwataja wanne, na wote ni ndege: tumbusi, yaani tai walao mizoga, ndege karani, yule wa miguu mirefu anayekanyaga nyoka, bundi, na wale ndege wadogo wanaopanda migongoni mwa ng'ombe na kula kupe, ambao wengi wetu tunawaita askari wa kifaru.

Tusidanganyane, ndugu zangu. Katika chumba kile cha London hakuwamo Mwafrika hata mmoja. Sheria za uwindaji za wakoloni zilimnyima babu zetu mtego na upinde wake, huku zikimpa Mzungu mwenye fedha leseni ya bunduki. Chuki ambayo wazee wengi walikuwa nayo juu ya neno "hifadhi" ilianzia huko, na walikuwa na sababu. Hata hivyo mapatano yale hayakuanza kutumika, maana nchi za kutosha hazikuyathibitisha. Lakini tukiitazama orodha ile kwa macho ya mkulima na mfugaji wa leo, tunaona kwamba ndege wale wanne walichaguliwa kwa sababu ya kazi yao. Kazi hiyo ilikuwapo kabla ya mkoloni, na ipo baada yake.

Miaka miwili baadaye, tarehe 19 Machi 1902, nchi kadhaa za Ulaya zikiwamo Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, Hispania na Uswisi zilitia saini mjini Paris mapatano ya kulinda ndege wenye faida kwa kilimo. Lile ombi la wakulima wa Vienna lilikuwa limechukua miaka 34 kufika hapo.

Katika orodha ya Paris ya ndege wa kulindwa alikuwamo korongo mweupe. Ndege huyu tunamjua. Ana mwili mweupe, mabawa yenye ncha nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Huzaa Ulaya, na baridi ya huko inapokaribia huruka kuja Afrika. Mvua zetu zinapoanza, viwavijeshi wakaibuka, utawaona korongo hawa wakitembea polepole mashambani na mbugani, wanadonoa, wanameza. Wanakula panzi na nzige pia. Huko Afrika Kusini jina lake la zamani kwa Kiafrikaans maana yake ni "ndege mkubwa wa nzige". Basi fikiri: mkulima wa Ujerumani anayeacha kiota cha korongo juu ya paa lake, anamsaidia mkulima wa huku asiyemjua. Na sisi tukimwacha akala viwavi akarudi salama, tunamsaidia yule wa kule.

Kosa la orodha

Lakini mapatano yale yalikuwa na kosa kubwa, na kosa hilo ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Waandishi walidhani wanaweza kuwagawa ndege katika makundi mawili: marafiki na maadui. Marafiki walindwe, maadui wauawe. Katika orodha ya Paris ya ndege wabaya waliwaweka tai, kipanga, hata mwari. Mapatano ya London nayo yaliwaweka ndege wakubwa wawindaji, ukiwaondoa wale watatu waliolindwa, pamoja na mamba na nyoka wenye sumu. Na Fisher alikuwa ameshachapa kitabu chake!

Ubaya wa orodha ya namna hii ni kwamba inamhukumu ndege kwa kosa moja na kusahau kazi zake nyingine zote. Mfano mkubwa kuliko yote ulitokea China.

Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong ilianzisha kampeni ya kuangamiza waharibifu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro aliingizwa kwa sababu anakula nafaka. Sikilizeni vizuri: mashtaka yale hayakuwa ya uongo. Shomoro anakula nafaka kweli. Basi watu wakatoka kwa mamilioni, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto. Walipiga ngoma, masufuria na mabati mchana kutwa ili ndege wasipate mahali pa kutua, mpaka wakawa wanaanguka chini kwa uchovu. Viota vilivunjwa, mayai yakapasuliwa, makinda yakauawa.

Mtaalamu wa ndege wa China, Zheng Zuoxin, alikuwa amechunguza matumbo ya shomoro kama alivyofanya Fisher. Aliona kwamba shomoro mkubwa hula nafaka na mbegu, lakini wakati wa kulea, makinda hulishwa wadudu. Yaani ndege yule yule ni mwizi katika msimu mmoja na mlinzi katika msimu mwingine. Wadudu waliongezeka mashambani, wanasayansi wakasema wazi, na mwaka 1960 shomoro aliondolewa katika orodha ya wale wanne, akawekwa kunguni mahali pake. Miaka ile ya 1959 hadi 1961 China ilipata njaa kubwa mno. Sababu zake zilikuwa nyingi, nyingine kubwa zaidi, hasa siasa ya kilimo na uchukuaji wa nafaka kutoka vijijini. Lakini kuua shomoro kuliongeza mzigo juu ya mzigo. Mwaka 2000 shomoro huyo huyo aliingizwa katika orodha ya China ya wanyama wa mwituni wanaolindwa.

Sheria ikabadilika

Dunia ilijifunza, ingawa polepole. Tarehe 18 Oktoba 1950 mapatano mapya yalitiwa saini Paris kuchukua nafasi ya yale ya 1902. Safari hii hawakuanza na orodha ya marafiki na maadui. Walianza kwa kusema kwamba ndege wote walindwe, angalau wakati wa kuzaa, na wale wahamao walindwe pia wakiwa katika safari ya kurudi kwenye mazalio yao. Kisha wakaacha mlango: mahali ambapo aina fulani inaharibu mazao, hatua zichukuliwe juu ya aina hiyo.

Msione hili ni jambo dogo. Zamani ilibidi mtu athibitishe kwamba ndege ana faida ndipo alindwe. Sasa anayetaka kuua ndiye anayetakiwa kutoa sababu. Ukiipima sheria ya namna hii, utaona inauliza maswali matatu tu. Ni ndege gani? Anadhuru nini? Je, hakuna njia nyingine?

Afrika huru nayo ilijiandikia mapatano yake. Tarehe 15 Septemba 1968 mjini Algiers, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilitia saini mkataba wa kuhifadhi mali ya asili, na safari hii waliotia saini walikuwa Waafrika wenyewe. Hapa Tanzania Bunge lilipitisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 12 ya mwaka 1974, ambayo baadaye ilifuatwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2009. Huko Ulaya, tarehe 2 Aprili 1979, nchi za Soko la Pamoja zilipitisha sheria moja ya ndege kwa nchi zao zote, nayo inaruhusu kuua pale ambapo mazao yako katika hatari kubwa na hakuna njia nyingine ya kufaa. Kisha ukaja mkataba wa kulinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, akiwamo yule korongo mweupe. Ulianza kutumika mwaka 1999, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoingia tangu mwanzo.

Palipokosekana ulinzi

Wapo watakaosema: "Sawa, lakini hayo ya Ulaya na China ni ya mbali. Ng'ombe wangu anapata faida gani?" Haya, tuje kwa ng'ombe.

Wale askari wa kifaru hula kupe kwa wingi, na kupe ndiye anayeleta ndigana kali. Kweli, hudonoa vidonda pia na kunywa damu, mfugaji yeyote atakuambia. Huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne ya ishirini, wafugaji walitumia majosho ya arseniki. Ndege waliokula kupe wenye sumu wakafa. Pamoja na uwindaji uliomaliza wanyama wakubwa, na sotoka iliyoua ng'ombe na nyati, aina moja ya ndege hao, yule mwenye mdomo wa njano, alitoweka kabisa nchini humo. Alirudi mwenyewe, akaonekana tena katika hifadhi ya Kruger mwaka 1979, baada ya zaidi ya nusu karne. Kumpoteza ndege ni kazi ya miaka michache, lakini kumrudisha huchukua umri wa mtu.

India ilipata somo zito zaidi. Tangu miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa, na aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 sababu ilijulikana: dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, ambayo wafugaji waliwapa ng'ombe. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyepewa dawa ile, figo zake zinaharibika, anakufa. Mizoga ikabaki inaoza. Mbwa wa mitaani wakapata chakula tele, wakaongezeka, na mbwa ndio wanaoleta kichaa cha mbwa. Wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, walikadiria kwamba kupotea kwa tumbusi kulichangia vifo vya watu wapatao 500,000 kati ya mwaka 2000 na 2005.

India ilifanya nini? Mwaka 2006 ilipiga marufuku utengenezaji wa diklofenaki ya mifugo, na Pakistani na Nepali zikafanya hivyo hivyo. Lakini mfugaji hakuachwa mikono mitupu. Ilipatikana dawa nyingine, meloksikamu, inayomtibu ng'ombe bila kumuua tumbusi. Sheria nzuri ndivyo ilivyo: ikikufungia njia moja, ikuonyeshe nyingine.

Basi ewe mfugaji unayetia sumu katika mzoga kwa sababu fisi au simba amekula ndama wako, fahamu hili. Sumu haichagui. Tumbusi huja kwa makumi kwenye mzoga mmoja, na wote wanakufa. Sheria yetu inakataza sumu kwa sababu hiyo. Siku nyingine ng'ombe wako akifa kwa kimeta, atakuwa hayupo wa kuusafisha mzoga kabla mbwa hawajausambaza kijijini.

Na kwelea kwelea je?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwelea kwelea ni mharibifu, na hakuna sheria inayomtaka mkulima amtazame tu. Sheria yetu ya wanyamapori inatambua kwamba mtu anaweza kutetea maisha yake na mali yake. Serikali yenyewe huwanyunyizia dawa kwa ndege. Kazi hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, nalo husaidia kwa ndege zake.

Lakini yapime kwa yale maswali matatu. Swali la kwanza: ni ndege gani? Jike la kwelea kwelea ni ndege mdogo wa rangi ya udongo, na wapo ndege wengine wengi wanaofanana naye ambao hawana hatia. Swali la pili: anadhuru nini? Anapenda punje ndogo, yaani mtama, uwele, mpunga na ngano. Punje ya mahindi ni kubwa mno kwake. Tena chakula chake cha kwanza ni mbegu za majani ya porini, na huingia shambani hasa mbegu hizo zinapokwisha au kuota. Swali la tatu: hakuna njia nyingine? Hapo ndipo penye kazi yetu.

Kwanza, toeni habari mapema. Mkiona makundi yanalala kwenye matete au yanajenga viota kwenye miiba, msingoje mtama ukomae. Mwambieni afisa kilimo wa kata siku hiyo hiyo. Dawa ikipigwa mahali wanapolala, jioni, eneo dogo linatosha. Ikichelewa, hakuna mtu anayeweza kuwafuata shamba kwa shamba.

Pili, pandeni kwa wakati mmoja kijiji kizima. Shamba moja lililokomaa peke yake ndilo linalobeba mzigo wote wa ndege. Wote mkikomaa pamoja, hasara inagawanyika. Na mkishakomaa, vuneni bila kuchelewa.

Tatu, wingeni kwa zamu. Dungu, kombeo na kelele ni vitu vya babu zetu, lakini vinafaa mahali ambapo makundi si makubwa mno. Familia moja haiwezi. Kitongoji kizima kinaweza, na watoto wasikoseshwe shule kwa ajili hiyo.

Nne, kutega. Wenzetu wa Kondoa wanajua tangu zamani kuwatega kwelea kwelea na kuwala. Ni mboga nzuri. Lakini ulizeni kwanza ofisi ya wanyamapori ya wilaya ni mitego gani inayoruhusiwa, na ndege wasiohusika waachiliwe. Na kamwe, narudia, kamwe msiokote ndege waliokufa mahali palipopigwa dawa. Dawa inayotumika sana, fenthioni, ni sumu kwa binadamu pia. Bundi, mwewe na kipanga wanaokwenda kula kwelea kwelea waliolegea kwa dawa hufa nao. Kwa sababu hiyo hata serikali inapoitumia, haina budi kuitumia kwa kipimo na mahali maalumu.

Tano, msijinunulie sumu madukani mkamwaga shambani au kwenye maji. Utaua kuku wa jirani, njiwa, yangeyange wanaofuata ng'ombe, na bundi wako. Nasema bundi wako, maana bundi ni wa mkulima. Najua wengi wanasema bundi ni uchuro, akilia juu ya nyumba kuna mtu atakufa. Ndugu zangu, bundi halii kwa ajili ya maiti. Anatafuta panya. Panya shamba wanakula mbegu ardhini kabla haijaota, kisha wanamaliza ghalani kile ndege walichobakiza. Anayemuua bundi leo asiulize kesho kwa nini magunia yake yametobolewa.

Dai letu liwe lipi?

Wapo wanaotaka sheria ya ndege ifutwe, kila mtu aue atakavyo. Mimi nasema tusidai hivyo. Sheria ikifutwa, kwelea kwelea hatapungua hata mmoja kwa ajili hiyo, kwa sababu makundi ya mamilioni hayamalizwi na mtu mmoja mwenye chupa ya sumu. Watakaokwisha ni wale wachache wanaotufanyia kazi bila mshahara: bundi, tumbusi, korongo, askari wa kifaru. Pennsylvania walilijua hilo mwaka 1887, China mwaka 1960, India mwaka 2006. Wote walijua baada ya kulipa.

Dai letu la haki ni jingine. Tudai habari zetu zikifika wilayani, zifanyiwe kazi upesi. Tudai ndege ya dawa ije kabla ya mavuno, siyo baada yake. Tudai mabwana shamba na mabibi shamba watufundishe kuwatofautisha ndege. Mkulima anayeishika sheria ana haki ya kudai kwamba na mwenye ofisi aishike upande wake.

Kwa vikundi vinavyosoma makala hii pamoja, jadilianeni maswali haya. Katika kijiji chenu, makundi ya kwelea kwelea hulala wapi, na ni nani atakayepeleka habari? Ni ndege gani waliokuwa wengi zamani na sasa hawaonekani, na wazee wanasema walikuwa wakila nini? Mfugaji akiuliwa ndama na fisi, kijiji kinaweza kumsaidiaje ili asitie sumu?